MJADALA: Magari ya zamani ya kijeshi kuwabeba wazee Siku ya Mashujaa, ni heshima au ni maonyesho?

Injini Baridi (Kawe)
Habari za jioni, ndugu zangu. Sisi ni wamiliki wachache wa magari yaliyowahi kutumika jeshini. Tuna Land Rover nne, Unimog moja (lori dogo la Kijerumani) na lori la Bedford ambalo kwa sasa linawaka kwa kusukumwa. Tumekaa tukawaza kwamba Julai 25 ijayo, Siku ya Mashujaa, tuwapitie majumbani wazee waliopigana Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, tuwapandishe humo na kuwapeleka viwanja vya Mnazi Mmoja hapa Dar es Salaam kwa msafara wa mwendo wa taratibu, taa zikiwa zimewashwa na bila honi. Jambo hili si geni duniani. Kila Juni 6 wenye magari ya vita hukusanyika katika fukwe za Normandy kule Ufaransa. Australia, kila Aprili 25, wazee wasioweza tena kuandamana kwa miguu hupitishwa wakiwa ndani ya magari. Na Uholanzi, katika mji wa Wageningen, kila Mei 5 wapiganaji wa zamani wamekuwa wakizungushwa ndani ya magari ya enzi zao huku barabara nzima ikiwapigia makofi. Nauliza kama kwetu jambo hili litaonekana kuwa heshima, au tutaambiwa tunajionyesha. Mimi naona ni heshima, maana tukisema kweli, magari haya ndiyo yaliyoshinda vita ile.

Binti Mgambo
Nimeyasoma yote kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye sentensi ya mwisho. Baba yangu alikuwa mgambo. Mwaka 1978 alichukuliwa Tabora kwa lori la kubebea pamba, na alikuwa akitusimulia kwamba nyuzi za pamba zilimkaa kwenye nywele siku tatu. Hilo ndilo gari alilolijua. Kutoka Mutukula mpakani kwenda Masaka, ndani ya Uganda, na kuendelea alitembea, mzigo mgongoni na bunduki begani, na alipofariki kucha ya kidole gumba cha mguu wake wa kulia ilikuwa haijaota tena. Leo mtu wa Kawe mwenye gari la kupigia picha ananiambia kwamba gari ndilo lililoshinda vita. Naomba ndugu yangu afute sentensi hiyo kwanza, ndipo tuzungumzie msafara.

Injini Baridi
Dada yangu, pole, na Mungu amrehemu mzee. Sikusema kwamba watu hawakutembea. Ninachosema ni kwamba kutoka hapa Dar es Salaam hadi Kagera ni zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, nyingi yake wakati ule ikiwa vumbi na tope, na kila risasi, kila gunia la unga na kila pipa la mafuta lililofika kule lilibebwa na chombo fulani. Daraja la Kyaka lilipobomolewa Novemba 1978, jeshi halikungoja mitumbwi. Lilitandaza daraja la vyuma ili vifaa vivuke. Kwa nini lijisumbue, kama miguu ilitosha? Nasema kwa heshima zote: miguu haibebi mzinga.

Mwalimu wa Magomeni
Miguu haibebi mzinga? Ndugu yangu, unaishi katika mji wenye Kariakoo, tena nina hakika unanunua spea huko kila mwezi, na bado unaandika hivyo?

Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiita *Carrier Corps*. Katika vita ya 1914 hadi 1918 ng'ombe, punda na farasi walikufa kwa mbung'o, magari yalizama kwenye tope la masika, na kilichobaki ni bega la Mwafrika. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi, na wengi hawana kaburi lenye jina. Tena umechagua mfano mbaya kuliko yote, kwa sababu mizinga ndiyo iliyobebwa na miguu hasa. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, Wajerumani waliiopoa mizinga yake 10, na watu wakaikokota kwa kamba, mamia kwa mamia, kutoka kwenye mikoko ile.

Siku ukipita na Land Rover yako pale Sanamu ya Askari, egesha ushuke usome. Sanamu ile iliwekwa mwaka 1927, karibu na pale ilipokuwa sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyoangushwa mwaka 1916, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Mkoloni mwenyewe, ambaye hakuwa na haya kwa mambo mengi, alilikiri hilo kwenye jiwe.

Fundi wa Gerezani
Mwalimu ameongea vizuri, lakini mimi nina swali dogo la kifundi. Hilo Bedford linalowaka kwa kusukumwa, siku ya msafara atalisukuma nani? Au ndiyo sababu mnawapitia wazee majumbani?

Jambo la pili nalisema bila nia ya kumvunjia mtu heshima. Kati ya hizo Land Rover nne, moja naifahamu, kwa sababu niliipaka rangi ya kijani mwenyewe, kwa brashi ya inchi tatu, mwenye gari akiwa amesimama pembeni akinielekeza niache michirizi ili ionekane ya vitani. Chini ya kijani kile mlikuwa na rangi nyeupe, na mlangoni nilikwangua nembo ya mradi wa kilimo. Gari lile halijawahi kusikia risasi. Lilichosikia ni majogoo.

Injini Baridi
Fundi, kama unanizungumzia mimi, sema waziwazi. Gari langu nililinunua kwenye mnada nikiwa na karatasi zote, na mabano ya kuwekea redio yapo hadi leo nyuma ya kiti cha dereva. Brashi ya inchi tatu siijui. Ninachokijua ni kwamba kuna fundi mmoja Gerezani aliyekaa na gia boksi yangu miezi minne na kuirudisha ikiwa na bolti mbili pungufu, na tangu nimdai anatafuta mahali pa kunidhalilisha.

Fundi wa Gerezani
Bolti hizo zilikuwa hazipo tangu gari linaingia. Mradi wa kilimo walizikata.

Mdau wa Tandika
Wakati mnahesabiana bolti, mmesahau sheria. Mwaka 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare na mavazi yanayofanana na ya jeshi kuyasalimisha. Najua mtaniambia kwamba gari si sare. Ni kweli, lakini mtu aliyesimama Morocco saa mbili asubuhi akiona magari sita ya kijani yanapita kwa mstari, yamebeba wanaume waliokaa wima, hatauliza kama ni wapenzi wa magari au ni jeshi. Je, mmewaza madereva wenu watavaa nini? Nawajua watu wa aina hii. Wataanza na kofia, kesho yake buti, na siku ya tatu mmoja atakuja na kombati aliyonunua mtumbani, akidai ni ya Ubelgiji. Andikeni barua polisi, andikeni barua jeshini, na mkikosa majibu muache.

Msafiri wa Upanga
Mimi nilisoma Uholanzi miaka miwili, na ninaona Injini Baridi ameuleta mfano huo akiwa ameukata katikati. Magari yale hupita Mei 5, siku ya kushangilia ukombozi. Siku ya kuwakumbuka waliokufa ni Mei 4, na jioni ya siku hiyo, saa mbili kamili usiku kwa saa za huko, nchi nzima husimama kimya dakika mbili. Nilikuwa kituo cha treni mwaka wangu wa kwanza, nikamwona mtu aliyekuwa akila viazi akishusha mkono wake na kubaki nao hewani bila kukigusa kile kiazi. Hakuna injini iliyokuwa ikinguruma. Wenzetu wameyatenganisha: usiku wa maiti na mchana wa walio hai. Sisi Julai 25 ni siku moja tu, na kwa desturi yake ni siku ya makaburi. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, wazee waliopigana huweka shoka, mabalozi huweka shada la maua, buruji hupigwa, basi. Hayo yote hubebwa mkononi. Sioni pa kuingiza Unimog.

Halafu, kwa faida ya waandaaji, mwaka 2016 sherehe ya kitaifa ilifanyika Dodoma, na tangu wakati huo haitakiwi kudhaniwa tu kwamba itakuwa Mnazi Mmoja. Mnaweza kufika na wazee wenu mkakuta pametulia, vijana wanacheza mpira.

Binti Mgambo
Namuunga mkono dada au kaka wa Upanga. Lakini naona mjadala umehamia kwenye rangi, kombati na viazi, na sentensi niliyoomba ifutwe bado ipo pale juu.

Mstaafu wa Ukonga
Hamjambo wanangu. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia haya, mimi nasema yeye anaandika, kwa hiyo makosa yawe yake.

Nimesikiliza nikisomewa. Mmoja anasema gari, mwingine anasema miguu. Mimi nilikuwa kwenye usukani, na sijasikia mtu akinitaja. Sikuwa askari wala mgambo. Nilikuwa dereva wa lori la tani saba la kampuni moja ya hapa mjini, nikipeleka saruji na bati mikoani. Mwalimu Nyerere alipohutubia pale Diamond Jubilee, Novemba 2, 1978, akasema sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, mimi nilimsikia kwenye redio ya hoteli nikinywa chai barabarani. Baada ya muda si mrefu lori lilichukuliwa kwa kazi ya vita, na lori halijiendeshi, nikachukuliwa nalo.

Kwenda nilibeba makasha, kurudi nilibeba watu. Sitasema zaidi kuhusu hao watu, kwa sababu mtoto anaandika. Nitasema hili tu: tulipofika mtoni tulikuwa tunashusha milango ya bodi, tunamwaga mchanga sakafuni, tunasugua kwa gunia, tunamwaga maji, halafu tunapakia unga. Mbao za bodi hunywa. Unaweza kusugua mpaka mikono ichubuke, jua likiwaka bado utajua lilibeba nini.

Vita vilipoisha lori lilirudishwa kwa mwenyewe, na mimi nikarudishwa pamoja nalo kama vile nilivyochukuliwa. Askari walipewa nishani, na walistahili. Mgambo nao wapo waliokumbukwa na wapo waliosahauliwa. Sisi madereva wa raia hatukuwa kwenye daftari la mtu yeyote. Julai 25 huwa natazama kwenye televisheni, na lile shoka likiwekwa huwa nasimama, ingawa hakuna anayeniona isipokuwa huyu mtoto. Sasa mwenye magari anijibu. Katika orodha yake ya wazee wa kupitiwa majumbani, mtu kama mimi yumo? Na kama yumo, nitapandishwa nyuma chini ya turubai, au nitapewa usukani?

Mwalimu wa Magomeni
Shikamoo, mzee wangu. Nimefundisha Vita vya Kagera darasani miaka mingi, na nakiri kwamba malori ya raia niliyataja kila mwaka kwa mstari mmoja, kama vile yalijiendesha yenyewe. Wapagazi wa 1914 nimewapigania hapa kwa aya nzima. Wa 1978 nimewapita kama nao walikuwa mizigo.

Mdau wa Tandika
Shikamoo zake mzee. Hata hivyo barua polisi bado ni lazima, na leseni ya mzee iangaliwe kama ni hai.

Injini Baridi
Shikamoo, mzee. Sikuwa nimewaza. Orodha yetu ilikuwa ya watu wenye vitambulisho vya jeshi tu, na hilo ni kosa letu. Usukani upo. Dada Binti Mgambo, sentensi ile naifuta. Niliandika kwa kupenda chuma kuliko nilivyofikiri. Msafiri wa Upanga, tunaweza kuwafikisha wazee mapema, tukazima injini mbali na viwanja, wakaingia kwa miguu yao, nasi tukangoja nje mpaka mambo yaishe. Huko ndiko magari yatakapokuwa na faida, kwa sababu wengi wao ni watu wa daladala mbili na bodaboda moja kufika Mnazi Mmoja.

Ila kuhusu mradi wa kilimo, sifuti kitu.

Binti Mgambo
Nimepokea. Mzee wa Ukonga, shikamoo. Ulipita Tabora kuchukua watu wakati wowote? Lori la baba lilikuwa na mlango mmoja wa rangi tofauti.

Fundi wa Gerezani
Fungua mlango wa abiria, ng'oa mpira wa chini, kwangua kidogo kwa ukucha. Ukikuta kijani mpaka kwenye bati, bolti mbili nanunua mimi.

Mstaafu wa Ukonga
Mwanangu Binti Mgambo, Tabora nilipita mara mbili, lakini pamba sikubeba. Milango ya rangi tofauti ilikuwa mingi wakati ule, spea hazikuwepo, kila mtu alifunga alichopata. Nitawauliza wenzangu wawili waliobaki, mmoja bado ana kumbukumbu.

Na hilo Bedford, acheni kulisukuma. Kagueni kwanza waya wa ethi pale unapofungwa kwenye chesesi. Ukiwa na kutu, stata haipati moto hata betri iwe mpya. Ng'oeni, pigeni msasa, pakeni grisi, fungeni tena. Mkija kunichukua kulijaribu mje kabla ya saa mbili usiku, baada ya hapo huwa nimelala.