Naomba ushauri: Forester yenye turbo na petroli ya huku Kigoma

Wakuu, habari za majukumu. Nimechukua Subaru Forester XT ya 2010, ile yenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini), kwa jamaa aliyehamia Mwanza. Ndani ya kifuniko cha tangi kuna stika ya Kijapani. Kijana mmoja akaipiga picha na simu ikatafsiri: petroli ya okteni ya juu. Kwa Wajapani hiyo ni namba ya okteni kuanzia 96, na ya kawaida kuanzia 89.

Sasa huku sheli ukifika ni petroli au dizeli, basi. Namba ya okteni haijaandikwa popote kwenye pampu, na ukimuuliza muuzaji anakuangalia tu.

Mjini gari haina neno. Shida ni vilima vya kwenda Kasulu: nikiwa gia ya juu na abiria wamejaa, nikikanyaga mafuta nasikia kama kokoto zinagongana kwenye kopo. Nikipunguza gia, kimya.

Najua okteni haiongezi nguvu kwenye mafuta, inazuia tu yasijilipue kabla ya wakati yakigandamizwa, na turbo ndiyo inagandamiza haswa. Fundi wangu anasema nibadilishe plagi kwanza. Mwingine anataka kuniuzia kichupa cha dawa ya kuongeza okteni, bei yake ni ya kunikomoa.

Mnaoendesha hizi XT huku Kigoma, Tabora, mnawekaje? Hizo dawa zinasaidia kweli? Na huo mlio, niendelee kuutembelea au nipaki kwanza?