Naomba ushauri: nitaijuaje Diary of a Madman yenye besi ya Bob Daisley?

Habari zenu wakuu. Najifunza gitaa la besi, na ninayemfuatilia kwa sikio ni Bob Daisley, aliyepiga kwenye albamu mbili za kwanza za mwimbaji wa roki Ozzy Osbourne baada ya Ozzy kutoka bendi ya Black Sabbath: Blizzard of Ozz (1980) na Diary of a Madman (1981). Watu humtaja Randy Rhoads tu. Sawa, gitaa lake halina mfano, lakini mashairi mengi humo aliyaandika Daisley.

Shida ni toleo la 2002. Besi yake na ngoma za Lee Kerslake zilifutwa, wakapiga upya Robert Trujillo na Mike Bordin. Toleo la 2011 likarudisha za mwanzo.

Sasa kuna muuzaji wa mitumba ana sidii ya Diary. Karatasi ya nyuma haipo na maandishi kwenye sidii yenyewe yamefutika. Majina ya ndani nayo siyaamini, maana hata toleo la 1981 liliwaandika Rudy Sarzo na Tommy Aldridge, ambao hawakupiga humo! Nimeijaribu kwa spika yake, besi ikawa mvumo mtupu. Na bei si ya kubahatisha.

Mliozisikia zote mbili, nisikilize wimbo upi, sehemu ipi, nijue ni Daisley au Trujillo? Na kwa kujifunzia, ya 2011 inatosha au nitafute santuri ya zamani?