Mjadala: Riwaya inapomthibitisha mpiga ramli, mtoto mchanga atetewe na nani?

Naomba tuujadili waziwazi mtindo mmoja wa hadithi za taharuki ambao umeenea sana, kuanzia vitabu vya dukani hadi simulizi za WhatsApp na Facebook zinazotoka sehemu kwa sehemu na kukatwa pale roho inapokuwa juu. Mtoto anazaliwa usiku usio wa kawaida. Ana alama mwilini, au katanguliza miguu, au mwezi umepatwa. Mganga, mzee wa ukoo au nabii anatamka neno: huyu ataiangamiza nyumba yake, au huyu ndiye atakayeikomboa nchi. Tangu hapo wako wanaomwinda na wako wanaomficha, na msomaji halali mpaka ajue mwisho wake. Swali langu ni hili: mtunzi akimalizia kwa kuufanya utabiri mbaya utimie, inatosha kusema kwamba ni burudani tu?

Mimi nasema haitoshi. Haki ya kuandika anayo, na sitaki kitabu cha mtu yeyote kifungiwe. Lakini anayemwandika mtoto aliyeitwa mkosi siku ya kuzaliwa, kisha kurasa mia tatu baadaye akatuonyesha kwamba kweli alikuwa mkosi, amempa haki yule aliyetaka kumuua mwanzoni. Msomaji anafunga kitabu akijiambia: afadhali wangemsikiliza mganga. Katika nchi zetu wazo hilo lina makaburi.

Watu wa pwani wanajua habari ya kigego, mtoto anayeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Kamusi za Kiswahili za enzi ya ukoloni zimemwandika bila kuficha: mtoto wa nuksi, ambaye zamani aliweza kuuawa kwa sababu hiyo. Tufikirie umri wake. Watoto wengi huanza kuota meno karibu na miezi sita, na kwa kawaida yale mawili ya mbele chini hutangulia. Kwa wengine mpangilio hubadilika, wala hauna athari yoyote kwa afya ya mtoto. Hukumu ya kifo ilitolewa juu ya mtoto ambaye hata kukaa mwenyewe alikuwa bado anajifunza, na aliyeitoa alikuwa na hakika kwamba anauokoa ukoo.

Pacha nao katika baadhi ya jamii zetu walionwa balaa. Nenda Usukumani ukutane na akina Kulwa na Doto, na Shija aliyewafuata tumboni, na Kashindye aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu. Uzazi ule ule, mahali pamoja ulileta kaburi, mahali pengine ukaleta jina ambalo mtu analibeba kwa fahari mpaka uzeeni. Hapo ndipo ninaposimama. Tukio la kuzaliwa halikuwa na maana yoyote mpaka watu wazima walipolipa maana, na maana waliyochagua ndiyo iliyoua au kuhifadhi.

Wapo watakaosema hayo ni ya kale. Kuanzia miaka ya 2000 hivi, watu wenye ualbino, wengi wao watoto, wamewindwa Kanda ya Ziwa, Mwanza, Shinyanga, Geita na Kagera, na ng'ambo ya mpaka Burundi pia. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi kwa sababu ya mauaji hayo. Haikutosha. Mei 2024 mtoto mwenye ualbino ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu alichukuliwa nyumbani kwao Muleba, mkoani Kagera, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana ukiwa umekatwa viungo.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu jambo lenyewe ni zito kuliko watunzi wengi wanavyolichukulia. Waliowinda watoto hawa hawakuambiwa kwamba wataleta balaa. Waliambiwa kwamba miili yao italeta utajiri, samaki wengi, dhahabu, ushindi wa uchaguzi. Kwa hiyo hata utabiri wa heri unaua. Mtunzi anayedhani amekwepa tatizo kwa kumfanya mtoto wake mteule badala ya mkosi, ajue kwamba mtoto wa pekee mwenye nguvu za ajabu mwilini ndiye hasa mtoto ambaye mnunuzi wa viungo anamtafuta. Akiandika kwamba damu ya mtoto huyo kweli inaponya, au nywele zake kweli zinaleta mali, amekubali msingi wa biashara ile, hata kama mwishoni mtoto anaokolewa na wabaya wanakamatwa.

Kongo nako kuna sura yake. Watoto wamefukuzwa majumbani kwa kutajwa kuwa wachawi, mara nyingi na mchungaji au nabii anayelipwa kuwaombea, mara nyingi baada ya mzazi mmoja kufa na mtoto kubaki mikononi mwa ndugu wasio na uwezo wa kumlisha. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 imefanya kumsingizia mtoto uchawi kuwa kosa la jinai. Angalia mpangilio wa mambo: kwanza chakula kimepungua, ndipo mtoto anakuwa mchawi. Mtunzi mzuri angeanzia hapo.

Sasa nijibu hoja ambazo nimezisikia mara nyingi, maana haziko nyepesi.

Ya kwanza ni ya dini. Watu wanasema: mbona vitabu vitakatifu vina watoto waliotabiriwa, na utabiri ukatimia? Ni kweli. Lakini soma vizuri uone kidole kinamwelekea nani. Katika Sura ya Al-Qasas, Firauni anawachinja watoto wa kiume wa Wana wa Israili, naye ndiye aliyetajwa kuwa miongoni mwa waharibifu. Mama yake Musa anaamriwa amnyonyeshe, na akimhofia amtie mtoni bila kuogopa wala kuhuzunika. Katika Mathayo, Herode anaposikia habari za mfalme aliyezaliwa Bethlehemu anaamuru wauawe watoto wa kiume wa miaka miwili kwenda chini, na hakuna msomaji anayemlaumu mtoto kwa damu ile. Katika kitabu cha Kutoka kuna wakunga wawili, Shifra na Pua, walioagizwa na mfalme kuwaua watoto wa kiume pale wanapozaliwa, nao wakamcha Mungu wakawaacha hai. Na Sura ya At-Takwir inasema kwamba siku hiyo mtoto wa kike aliyezikwa hai ataulizwa kwa dhambi gani aliuawa. Anayeulizwa ni mtoto, na anayetetemeka ni aliyemzika. Hadithi hizi zote zinamshitaki mwenye nguvu aliyesikia neno na kuchukua upanga. Riwaya zetu nyingi zimeugeuza upanga ule.

Hoja ya pili ni ya mila: kwamba ndivyo masimulizi ya Kiafrika yalivyo, na anayekataa amekuwa mtumwa wa Wazungu. Nami najibu kwa masimulizi ya Kiafrika. Katika utendi wa Sundiata wa Wamandinka wa Afrika Magharibi, mwindaji anamtabiria mfalme wa Niani kwamba mwanamke asiye na sura ya kuvutia, Sogolon, atamzalia mtawala mkuu. Mtoto anazaliwa hawezi kutembea, anatambaa miaka mingi, mke mwenza anamcheka mama yake mchana kutwa. Utabiri unatimia, lakini unatimia dhidi ya macho ya watu, kwa mtoto ambaye wengi wangesema hafai kulelewa. Utendi ule ungekwisha mapema kama mama yake angewasikiliza.

Karibu na sisi zaidi, kwa Wanyanga wa Kivu, mashariki mwa Kongo, kuna Mwindo. Utendi wake ulinakiliwa mwaka 1956 kutoka kwa msimulizi Candi Rureke. Chifu Shemwindo anatangaza kwamba wake zake wazae mabinti tu, na akizaliwa wa kiume atauawa. Mwindo anazaliwa, anatembea na kusema papo hapo. Baba anamrushia mikuki, anamzika hai, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto ana nguvu za ajabu kweli, sikatai, na taharuki imejaa tele, lakini hakuna mahali msimulizi anapompa Shemwindo haki. Baba anakimbia, mtoto anamfuata mpaka kuzimu, na mwisho baba anakiri ubaya wake mbele ya watu na ufalme unagawanywa. Nani atasema huo si Uafrika?

Hoja ya tatu ndiyo ngumu, na ninaiheshimu. Wanasema: tazama Mfalme Edipode, tamthilia ya Sophocles, Mgiriki wa kale, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili. Pale utabiri ni mbaya, ni juu ya mtoto mchanga, na unatimia wote: anamuua baba, anamwoa mama. Je, Sophocles naye alikosea?

Sidhani. Itazame miguu ya Edipode. Wazazi wake walimtoboa na kumfunga miguu, wakampa mchungaji akamtupe mlimani afe. Mchungaji akamhurumia, mtoto akalelewa Korintho na watu asiojua kwamba si wazazi wake. Alipokutana na baba yake njia panda na kumuua, alimuua mtu mgeni. Kama wangemlea nyumbani, angeijua sura ya baba yake. Hofu ya wazazi ndiyo iliyotengeneza njia ambayo utabiri uliipitia, na watazamaji wanatoka wakiwa wamevunjika moyo kwa ajili ya Edipode. Kwa hiyo sisemi kwamba utabiri mbaya usitimie kamwe. Nasema ukitimia, msomaji aone mkono wa watu wazima katika kutimia kwake, amlilie mtoto, asimshukuru mganga.

Mushi huyo huyo alitupa pia Makbeth, tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare. Mle ndani mauzauza yanamwambia Macbeth kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru, naye anajiona salama, mpaka anapokutana na Macduff aliyetolewa tumboni kwa kupasuliwa. Uzazi usio wa kawaida umo, utabiri umo, na anayeangamia ni yule aliyeyaamini maneno akaua watoto wa watu kwa ajili yake.

Kuna wanaosema utabiri usipotimia msomaji wa simulizi ya kulipia sehemu kwa sehemu atahisi ametapeliwa na hatatuma tena M-Pesa. Hilo ni suala la ufundi, na ufundi una njia nyingi kuliko hiyo moja. Nani alimlipa mpiga ramli? Nani anarithi shamba mtoto huyu akiondoka? Mama ni mke wa pili, na mke wa kwanza ana watoto wa kiume watatu: kwa nini ramli ilipigwa wiki ile ile baba alipoanza kuugua? Nesi wa zahanati aliandika nini kwenye kadi ya kliniki, na kwa nini ukurasa umechanwa? Mtoto anayefichwa hana cheti cha kuzaliwa, hawezi kuandikishwa shule kwa jina lake, na kila anayemuuliza mama yake jina la baba ni hatari. Mimi ningekesha na riwaya hiyo. Mambo yote hayo tunaishi nayo, na taharuki yake haihitaji mtoto awe na hatia ya kuzaliwa.

Halafu kuna mtu mmoja ambaye riwaya zetu zinampita kwa sentensi mbili: mkunga. Ndiye wa kwanza kumwona mtoto. Ndiye anayejua kama alama ile ilikuwepo au ilitiwa baadaye. Anaweza kunyamaza, anaweza kusema uongo kama Shifra na Pua walivyomwambia Firauni kwamba wanawake wa Kiebrania huzaa kabla mkunga hajafika, anaweza kuuza siri. Ukoo mzima unamtegemea yeye aseme ameona nini, na yeye mwenyewe ana wajukuu kijiji hicho hicho. Sijui mhusika mwenye taharuki kubwa kuliko huyo.

Basi ninauweka mjadala mezani kwa watunzi kwanza. Wewe unayeandika simulizi ya namna hii hivi sasa: katika sura ya mwisho, nani anatoka na haki, mtoto au aliyemtabiria? Na kama ni aliyemtabiria, ungekubali kuisoma sura hiyo kwa sauti mbele ya mama wa mtoto mwenye ualbino kule Muleba, au Ruyigi nchini Burundi? Wasomaji nao waseme ni simulizi gani iliwafanya wamwonee mtoto huruma na ipi iliwafanya wamwogope, na waeleze ni ukurasa gani uliowageuza. Anayeona nimemwonea mtunzi, alete mfano wa hadithi ambayo mtoto mchanga alikuwa mkosi kweli, utabiri ukatimia bila mkono wa mtu mzima, na bado hadithi hiyo ikamfaa mtoto yeyote aliye hai. Nitaisoma yote kabla ya kujibu.