Mfuko wa nyongo hauna mawe lakini unauma: wako wengi kweli?

BintiTanga
Wadau, habari za humu. Nipo Columbus, Ohio. Nasumbuliwa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Yakinishika usiku hayaachii hata saa nzima, jasho chapachapa, mtoto akilia simwezi. Ultrasaundi: hakuna jiwe. Vipimo vya damu na ini safi, kamera ya tumboni haikuona kidonda. Wakanipeleka skani ya HIDA, ile ya kuangalia mfuko wa nyongo unavyofanya kazi, nikadungwa dawa ya kuukamua mfuko wa nyongo, ukatoa asilimia 29 tu. Wanataka 38 kwenda juu. Sasa wanasema tuutoe. Mama kwa simu: "Jiwe halimo, wanautolea nini?" Nami nimesoma mahali kwamba mwanamke mmoja kati ya watano ana tatizo hili la mfuko usio na mawe kutojikamua vizuri. Mbona nyumbani sijawahi kulisikia?

Tabibu_Meru
Pole dada. Hiyo hesabu imekufikia nusu. Asilimia 21 kwa wanawake na 8 kwa wanaume ni ya watu ambao *tayari* wana maumivu ya nyongo na ultrasaundi yao haionyeshi kitu. Si wanawake wote unaopishana nao sokoni! Kupima jamii nzima ni kazi kubwa, maana ultrasaundi haiuoni ugonjwa huu, damu haiuoni, na nani atakubali kulala chini ya mashine kwa saa nzima ilhali haumwi?

Nyumbani husikii kwa sababu skani hiyo inataka kitengo cha tiba ya nyuklia (wanaopima kwa dawa yenye mionzi kidogo), na vitengo hivyo unavihesabu kwa vidole. Mgonjwa kama wewe hapa Arusha ataambiwa ana vidonda vya tumbo, apewe omeprazoli ya kupunguza asidi, aende zake. Huko uliko mambo ni kinyume: katika kila watu wazima 100 wanaotolewa mfuko wa nyongo Marekani, 10 hadi 20 wanatolewa kwa sababu hii hii. Ulaya madaktari ni wazito zaidi kuufanya upasuaji huo. Matumbo ya Wamarekani hayana tofauti na yetu, ila wao wana mashine na wana kisu karibu.

Maumivu yako yanakuja kila siku? Yanapoa ukienda haja, au ukinywa dawa ya asidi?

BintiTanga
Hapana, yanapita hata wiki kadhaa kimya. Na omeprazoli haijanisaidia kitu.

Tabibu_Meru
Basi yanafanana na nyongo kweli. Vigezo vya Roma vya 2016, mwongozo wa wataalamu wa kutambua maradhi ya tumbo ya aina hii, vinataka hivyo: yadumu nusu saa au zaidi, yasiwe ya kila siku, yakukatishe shughuli.

Mzee_wa_Kibokoni
Binti yangu, mimi nilikuwa mfamasia Mombasa, sasa nimestaafu. Kabla ya kisu, nijibu: siku ya skani ulikuwa kwenye dawa gani? Kodeini na ndugu zake huuzuia mfuko usitoe nyongo vizuri, na kipimo kinasoma chini. Hata baadhi ya dawa za presha.

BintiTanga
Shikamoo mzee. Tramadoli, ya mgongo, tangu nilipoteleza kwenye barafu. Hakuna aliyeniuliza.

Mzee_wa_Kibokoni
Marahaba. Hiyo ni ndugu yake kodeini. Wapigie kesho uwaambie, waamue kama skani irudiwe. Usiiache dawa ghafla bila wao kukuelekeza.