Contessa 32 au Nicholson 32? Nataka chombo cha kusafiria na familia

Mvita_Solent
Assalam aleykum waungwana. Nipo Southampton na mke wangu na watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa. Tunatafuta chombo cha tanga cha mtumba, cha kulala ndani. Kiangazi kijacho tuvuke kwenda Brittany, Ufaransa, na baadaye, Mungu akipenda, tukate Ghuba ya Biskay hadi Galicia, Hispania.

Nimebaki na viwili, vyote vya faiba na vyote futi 32: Nicholson 32 ya 1971 na Contessa 32 ya 1976. Bei hazipishani sana. Sehemu inayokaa majini ni futi 24 kwa vyote viwili, na vyote vinataka maji ya kama mita 1.7. Tofauti kubwa ni uzito: Contessa tani 4.3 hivi, Nicholson inapita tani 6. Tena Nicholson ina mkuku (uti wa chini ya chombo) mrefu wa kizamani, Contessa ina mkuku mfupi na usukani wake umekaa peke yake nyuma. Mlioziendesha, nisaidieni.

Joshi_Tupu
Chukua Contessa, ndugu yangu, usizunguke. Kwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka, hakuna futi 32 ya umri ule inayoishinda kirahisi. Ukitoka miamba ya Needles na upepo wa kusini-magharibi usoni, na huko ndiko upepo unakotoka siku nyingi, utabisha (kugeuza chombo upande huu na huu) mara chache na utafika mchana.

Na kwa usalama, kumbuka mbio za vyombo vya tanga za Fastnet za 1979. Vyombo 303 viliondoka, dhoruba ikavikuta, mabaharia 15 wa mashindano wakafa. Katika daraja la vyombo vidogo kabisa kilichomaliza ni kimoja tu, Assent, na ni Contessa 32. Baadaye mwenyewe, Willy Ker, alikwenda na chombo hichohicho hadi Aktiki na Antaktika. Ukikilaza hata kipitilize digrii 150, farumi, ule uzito uliowekwa chini, inakirudisha. Mimi hilo linaniondolea maneno yote.

Bi_Kilindini
Mwanangu Mvita, Joshi hajadanganya, lakini amekujibu kama baharia asiye na abiria. Wewe una watoto.

Contessa imekaa chini majini. Upepo ukipanda inalala ubavu mapema kisha inakaza hapohapo. Haitapinduka, ila maji yatapita juu ya sitaha kutwa, na aliyeshika usukani ataloa hadi shingoni. Ndani, mtu mrefu anainama akielekea omo, mbele. Wawili wakiwa wamesimama, wa tatu lazima akae.

Nimesafiri na Nicholson ya jamaa zangu toka Gosport, na kilichonipendeza ni mwendo wake. Uzito ule unatuliza mshtuko. Wimbi fupi la Channel, bahari ya kati ya Uingereza na Ufaransa, lile la upepo kupingana na maji, Contessa inalirukia; Nicholson inalipasua taratibu, na chungu cha wali kinabaki jikoni. Ukifunga usukani kidogo inashika njia yenyewe, unapata nafasi ya kumpa mtoto dawa ya kichefuchefu.

Na kuna jambo ambalo watu hulisahau mpaka siku wanalihitaji: kusimamisha chombo bahari kuu. Tulichoka, tukapunguza tanga kubwa, tukavuta tanga la mbele upande wa joshini, mkono wa usukani tukaufunga demanini, upepo unakokwenda. Nicholson ikatulia kama imetia nanga, ikawa inasogea pole pole ubavuni. Tukala, tukaswali, mmoja akalala. Kwa familia inayokwenda Biskay, hiyo ndiyo ningeinunua.

Joshi_Tupu
Shikamoo Bi Kilindini. Hata Contessa inasimama ukiijua, ila nakubali inataka mkono zaidi. Sasa mwambie na habari ya kurudi nyuma kwa injini. Ile Nicholson rafa yake (pangaboi la injini) imebanwa katikati ya mkuku na usukani. Ukitia gia ya nyuma ndani ya marina (bandari ya vyombo vidogo) yenye nafasi finyu, shetri, yaani nyuma ya chombo, inakwenda inakotaka yenyewe. Na upepo ukiwa mdogo, tani mbili za ziada utazihisi. Wenzako wanateleza, wewe unawasha injini.

Bi_Kilindini
Marahaba. Kweli kabisa, kurudi nyuma ni shida yake kubwa. Mvita, chombo utakiweka wapi? Ukipata boya bandarini Portsmouth tatizo hilo linapungua sana. Ukipata kijia chembamba marina, fikiri mara mbili.

Fundi_wa_Mtwapa
Nafanya kazi ya faiba, nasema kwa upande wa ufundi. Vyombo hivi vina miaka hamsini. Nicholson mbovu na Contessa nzima hazilinganishwi, wala kinyume chake. Kipandishwe nchi kavu, mkaguzi wako mwenyewe akione, asiwe wa muuzaji. Atazame malengelenge chini ya mstari wa maji. Sitaha aigonge kwa nyundo ndogo mahali pote. Mlio ukigeuka mzito, huenda ndani kuna maji. Vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti avitazame vinapopita kwenye sitaha, kutu hujificha pale. Na uulize nyaya zilibadilishwa mwaka gani. Zikiwa za zamani, huenda bima ikakutaka uzibadilishe, na si pesa ndogo.

Mvita_Solent
Allah awalipe. Nimeahidiwa boya Portsmouth, kwa hiyo habari ya marina imeniondokea. Bi Kilindini, nikisema siku moja niilete nyumbani, pwani ya Afrika Mashariki?

Bi_Kilindini
Yoyote itafika ikiwa nzima. Ukipandia kusini, njoo na kusi. Mkondo wa pwani yetu wakati huo unakusukuma kaskazini, pengine hadi maili nne kwa saa. Ila usinunue leo kwa safari ya miaka kumi ijayo. Nunua kwa Brittany.

Mvita_Solent
Basi moyo umelala kwa Nicholson, na mama watoto anasema hivyohivyo. Jumamosi tunaijaribu majini.

Fundi_wa_Mtwapa
Mwambie muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika. Uiguse kwanza iwe baridi, ndipo iwashwe mbele yako, na utazame moshi na maji yanayotoka nyuma.