Mjadala: Dibaga ifiche tofauti za matoleo ya Python, au kila toleo lijionyeshe lilivyo?

MWENYE MADA (Ngong Road)
Wadau, habari za jioni. Naleta hoja iliyotugawa ofisini wiki nzima, mpaka chai ya saa nne inanyweka kimya kimya. Sisi hutumia GDB, ambayo ni dibaga (programu ya kutafutia makosa ndani ya programu nyingine), pamoja na skripti za Python kuchunguza mafaili yanayobaki programu ya C++ ikianguka. Kwa miaka tulikuwa kwenye mfumo wa Linux wa CentOS 7, yenye GDB 7.6.1 na Python 2.7. CentOS 7 ilifikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024, nasi baadaye tukahamia Ubuntu 24.04, yenye Python 3.12.

Usiku wa kwanza baada ya kuhama, ripoti ikaja safi: makosa sufuri. Nikafurahi kama mtu aliyepata kiti cha dirishani kwenye matatu ya saa kumi na moja. Kumbe skripti yetu ya kuhesabu makosa ilikuwa ikitafuta maandishi haya hasa: <type 'exceptions.ValueError'>. Hivyo ndivyo Python 2 inavyoandika aina ya eksepsheni, yaani kosa linalotokea programu ikiwa kazini. Python 3 inaandika <class 'ValueError'>. Makosa yalikuwepo, tena mengi. Sisi tulikuwa tunaita jina ambalo mwenyewe alishalibadilisha.

Msimamo wangu: tofauti hizi zibebwe na dibaga, mahali pamoja, ili mwandishi wa skripti akutane na eksepsheni yenye sura moja hata intapreta, ile inayoendesha msimbo wa Python, ikibadilika. Nani anapinga?

MDAU WA RONGAI
Napinga, tena kwa ushahidi wako mwenyewe. Umeumia kwa sababu ulisoma kosa kama maandishi. Ungelikamata ndani ya skripti, kwa except ValueError, ungelipata kwenye mashine zote mbili. Na GDB imewajali watu wa zamani kitambo: gdb.error, aina ya makosa ya GDB yenyewe, imerithi kutoka RuntimeError ya Python makusudi, ili skripti zilizoandikwa kabla yake zisivunjike. gdb.MemoryError nayo iko chini ya gdb.error. Unataka sura moja kuliko hiyo?

Halafu, lugha inakua. Python 3.3 iliunganisha IOError na OSError. 3.11 ikaleta makundi ya eksepsheni, kosa moja lenye makosa mengine tumboni. Ukilazimisha hayo yote yafanane na 2.7, utakuwa unamvisha mtu mzima sare ya chekechea.

MDAU WA PANGANI
Wa Rongai, umejibu upande wa skripti tu. Mimi naandika upande wa C, yaani msimbo unaoita Python kutoka ndani ya programu kama GDB, na huko ndiko kwenye kazi. Kabla ya 3.12, ukiita PyErr_Fetch unapewa vitu vitatu: aina, thamani, na mfuatano wa miito. Na hiyo thamani huenda isiwe eksepsheni bado. Yaweza kuwa maneno matupu tu, mpaka uite PyErr_NormalizeException. Ni kama kutoka zahanati kadi iko mkononi, risiti mfukoni, karatasi ya dawa ameshika shangazi. Nimewahi kukesha nikitafuta kwa nini ujumbe wa kosa unachapishwa vizuri mara moja na mara nyingine ovyo, kumbe njia moja kati ya nne ilisahau kuita hiyo ya pili.

Python 3.12, iliyotoka Oktoba 2023, ikaleta PyErr_GetRaisedException. Unapewa kitu kimoja, eksepsheni yenyewe, na mfuatano wake umo ndani.

Sasa tazama GDB ilivyofanya. Haikusambaza "kama ni toleo hili, kama ni lile" kwenye kila faili. Kuna darasa moja la msimbo (class), gdbpy_err_fetch. Chini ya 3.12 linahifadhi vitatu, kuanzia 3.12 linahifadhi kimoja, na msimbo uliobaki haujui wala haujali. Hapo niko na mwenye mada.

MDAU WA RONGAI
Lakini PyErr_Fetch haijafutwa kwenye 3.12. Imetangazwa tu kwamba haipendekezwi. GDB ingebaki nayo, kazi ingeendelea.

MDAU WA PANGANI
Ingeendelea, ndiyo. Intapreta inashika kitu kimoja, wewe unaomba vitatu, inakupasulia. Ukirudisha, inaviunganisha tena. Kama una muda huo, sawa.

MWALIMU (Kahawa Wendani)
Samahanini kuingilia. GDB 12 ilitangazwa kuwa ya mwisho kukubali kujengwa na Python 2. Kuanzia 13 ni Python 3 tu. Sina ugomvi na hilo. Ila mnasema "pandisha toleo" kana kwamba ni kupandisha soksi. Maabara yetu ina mashine za kila umri. Mwanafunzi mmoja anaona <type, jirani yake anaona <class, na wote wawili wanadhani mwenzake ndiye aliyekosea.

Hata hivyo mimi si wa kuficha. Kwa kawaida GDB huonyesha ujumbe wa kosa bila kusema ni mstari gani ulioanguka. Somo langu la kwanza ni kuandika set python print-stack full. Nataka waone kila kitu, hata kikiwa kibaya.

MDAU WA EASTLEIGH
Mnabishana sura za makosa na hakuna aliyetaja except tupu, isiyo na jina la kosa, inayokamata kila kitu. Bonyeza Ctrl-C skripti ikiwa kazini ndani ya GDB: huja kama KeyboardInterrupt, ile except inaimeza, nawe unabaki kubonyeza kama kengele ya geti la nyumba isiyo na mtu. Hii haijali toleo.

MWENYE MADA
Wa Rongai ameniumbua kwa haki. Nimeondoa utafutaji wa maandishi. Sasa skripti inaandika type(e).__name__, ambayo inatoa ValueError tu, 2.7 na 3.12. Pia "except ValueError, e" nimeibadilisha kuwa "except ValueError as e", maana ile ya kwanza Python 3.12 haiisomi kabisa. Except tupu nimezikuta tatu. Mbili ni zangu.

Kwa upande wa C sijabadili mawazo: darasa moja, mlango mmoja. Ile mashine ya CentOS bado haijazimwa, na usiku huu faili lile lile linapita kote kuwili. Mwalimu, nikikupa hiyo skripti, una mashine ya 3.6 au 3.8 hapo maabara? Hizo za katikati hatukuzipitia.