Mrejesho: Nilivyochagua kampuni ya kuzamia

Niliuliza hapa nitajuaje kama kampuni ya kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa ni salama, mkaniambia niulize oksijeni ya dharura iko wapi. Ahsanteni sana! Kampuni ya kwanza walicheka, hata kadi yangu ya uzamiaji (inayoonyesha nimefunzwa) hawakuitaka. Nikaondoka. Ya pili walinifungulia sanduku: mtungi umejaa, barakoa ipo.

Kwenye boti nikavuta pumzi kutoka mtungi wangu huku nikiangalia geji, kipimo cha hewa iliyomo. Mshale ulikuwa baa 200 (yaani umejaa), lakini kila nikivuta unashuka, halafu unarudi. Kumbe valvu ya mtungi haikufunguliwa yote! Kiongozi wetu akaifungua, akakagua na mitungi ya wengine bila kununa. Hapo ndipo nikawaamini.

Baada ya kuzamia mara ya mwisho, nilisubiri saa 24 kabla ya kupanda ndege, kwa usalama. Mlisema 18 zinatosha, ila mimi mwoga.